Mtengeneza Vitanda na Jibu Lililogoma Kutoka

Sogeeni, enyi mama mliozaa wana wakaidi. Nanyi wake mnaolala mkitazama migongo ya waume zenu na kujiuliza mmekosa nini. Nanyi wanaume, hasa nyinyi, mnaojifanya mnasoma gazeti kumbe sikio liko huku. Wekeni chini miko, wekeni chini nyundo. Nataka kuwahadithia vita vilivyopiganwa si kwa upanga wala kwa mkuki, bali kwa ulimi mmoja mkavu, ndani ya chumba kimoja chenye feni mbovu, baina ya shujaa mmoja na sentensi moja. Sentensi yenyewe ilikuwa fupi. Lakini nawaambieni, ilikuwa nzito kuliko kabati la milango mitatu likipandishwa ngazini.

Na msidhani naandika ili mcheke tu. Nacheka, ndiyo, maana tumeshavuka. Ila nacheka nikiwa nimeshika kifua, kwa sababu baba wa shujaa huyu, marehemu mume wangu, hakuvuka. Na shujaa mwenyewe kaniruhusu. Kasema, "Andika, Mama. Pengine kuna mwenzangu mmoja atavua soksi mapema."

Shujaa huyo ni nani? Ni mwanangu wa kwanza, Simba wa Randa, Bwana wa Misumari na Msasa, yeye ambaye mbao zikimwona zinanyooka zenyewe. Mtaani wanamwita Fundi Vitanda. Kitanda alichokiunda yeye hakilii. Ukigeuka usiku hakisemi, ukiinuka hakimwambii jirani. Kwa ajili hiyo maharusi wote wa mtaa wetu humjia yeye, na mkewe, ambaye ni mshona mashuka, huwapokea mlango wa pili. Mume anaunda, mke anatandika. Naye mwanangu alikuwa na majivuno yake, akisimama mlangoni pa karakana na penseli sikioni, akinena, "Nusu ya watoto wanaokimbia hapa nje, asili yao ni kazi ya mikono yangu!" Watu wakacheka, naye akacheka, na mkewe akamrushia kipande cha kitambaa: "Nyamaza wewe, wateja watakimbia!"

Ndipo adui akaja. Hakupiga hodi wala hakupiga tarumbeta. Alianza kwa kiu. Simba wa Randa akawa anakunywa maji jagi zima kwa pumzi moja, kisha anakwenda uani, kisha anarudi kwenye jagi, kisha uani tena, hata njia ile ikang'aa kwa nyayo zake. Akakonda mabega. Nikamburuta kliniki mimi mwenyewe, maana kiu ile niliijua; niliishi nayo nyumba moja kwa baba yake. Wakampima. Sukari.

Wakampa vidonge, wakamwambia ale nini na aache nini, naye akavipokea kama mfalme anavyompokea mtoza ushuru, yaani kwa heshima ya mdomoni tu.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo kosa letu lilipo, na ni kosa la kliniki yetu nzima. Pale kliniki wagonjwa wa sukari hukaa kwenye mabenchi marefu nje ya chumba cha daktari. Nesi huwachoma kidole mmoja mmoja, kisha husoma namba kwa sauti ili mwenzake aiandike. Basi, enyi wasikilizaji, namba ile ikageuka kuwa kikombe cha ubingwa! Mwenye namba ndogo hupigiwa makofi. Mwenye namba kubwa huambiwa, "Leo umefungwa, mzee, kajipange." Na kwa kuwa hakuna mtu anayependa kufungwa mbele ya watu, wote wakajifunza ujanja: siku mbili kabla ya kliniki wanaacha chai ya sukari, wanaacha mkate, wanatembea asubuhi na jioni, wanakula majani kama mbuzi. Wakifika wanang'aa. Wakitoka tu, soda.

Na bingwa wa mabingwa, aliyevaa taji bila mpinzani, alikuwa mwanangu. Hakuna aliyemkaribia ila mzee mmoja mstaafu, dereva wa lori, ambaye kila mara alipitwa kwa pointi kidogo, akaondoka akitikisa kichwa na kusema, "Kijana, wewe ni moto."

Nami, mama yake, nilipiga vigelegele. Namba si nzuri? Ningejuaje?

Kumbe adui alikuwa anazunguka kwa nyuma, anabomoa ngome moja baada ya nyingine.

Ngome ya kwanza ilikuwa macho. Simba wa Randa, ambaye alikuwa akipima kwa kutazama tu, akaunda kitanda ambacho upande mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwingine. Bwana harusi alilalamika kwamba wanalala wakiteremka. Mwanangu akalaumu futi ya kupimia.

Ngome ya pili ikawa miguu. Jioni moja aliingia ndani, na kila akikanyaga sakafu panalia ko, ko, ko.

"We, mbona unatembea kama farasi?" mkewe akauliza.

Akainua kiatu. Msumari! Umetoboa soli, umeingia kwenye unyayo, soksi imeganda damu iliyokwisha kukauka, na yeye amekanyagia msumari ule tangu asubuhi bila habari. Mkewe akapiga ukelele. Shujaa akachukua koleo, akauchomoa kama mtu anayechomoa mwiba kwenye gurudumu, akauinua juu, akahutubia nyumba: "Tazameni! Huu ndio mguu wa fundi! Umekomaa, hausikii msumari, hausikii moto!"

Watu wa nyumbani wakacheka. Mimi nilisukuma sahani yangu pembeni. Baba yake naye alijisifu hivyo hivyo, kwamba mguu wake umekomaa, mpaka siku walipoukata. Na baada ya mguu, hakukaa sana duniani.

Ngome ya tatu, wanangu, sikuiona ilipoanguka, kwa kuwa iko chumbani, na mama haingii chumbani kwa mwanawe. Niliijua siku mkwe wangu aliponikuta jikoni nachambua mboga, akasimama mlangoni na mikono nyuma.

"Mama, nimekuja kukuaga."

"Unakwenda sokoni? Niletee kitunguu."

"Nakwenda kwetu."

Kisu kikanianguka. Nikamvuta kigoda. "Kaa. Kakupiga?"

"Bora angenipiga, ningejua yupo." Akakaa. "Ana mwanamke, Mama."

"Umemwona?"

"Sijamwona. Lakini mwanaume gani analala karakana, juu ya kitanda cha mteja, anasema analinda mbao? Mbao zipi? Zile zilizobaki pale hata mwizi ataona aibu kuzibeba! Nikivaa vizuri, mgongo unamuuma. Nikinyamaza, ananiambia nimenuna. Nikimgusa anaruka kama nimemmwagia maji ya moto. Mimi si kabati, Mama, nikae pembeni nisubiri siku ya kufunguliwa."

Nilitaka kucheka kwa hilo la kabati, lakini machozi yalikuwa yameshamfika shingoni, na mimi yangu yalikuwa njiani. Maana maneno yale niliyajua. Baba wa watoto wangu naye, miaka yake ya mwisho, alinigeuzia mgongo akautazama ukuta. Hakusema kitu. Mimi nikadhani amenichoka, nimezeeka, kapata mwingine. Nikamnunia mpaka anaingia kaburini. Halafu siku moja, kwenye semina ya akina mama, nesi akaeleza kwamba sukari humfanyia mwanaume hivyo, na kwamba wengi hawasemi. Nikajua. Nikajua nikiwa sina tena wa kumwambia kwamba nimejua.

Nikamshika mkwe wangu mkono. "Mwanangu, Alhamisi anakwenda kliniki, na mimi nakwenda kupima presha. Nipe mpaka Alhamisi."

"Alhamisi." Akajifuta uso kwa kanga. "Ijumaa asubuhi mimi sipo hapa, Mama. Begi limeshafungwa."

Basi nikajifunga kibwebwe, nikaenda karakana. Mama kumwuliza mwanawe mambo ya chumbani! Ni heri kupanda paa wakati wa mvua. Nilimkuta anapiga randa.

"Mwanangu, kitanda chenu cha ndani kina shida?"

"Hakina, Mama. Skrubu niliziingiza mwenyewe."

"Siulizi skrubu."

Akaendelea kupiga randa. Hakuinua uso. Alipiga randa, akapiga, akapiga, unga wa mbao ukamfunika magoti, mpaka ubao ule, uliokuwa ubao wa kitanda, ukawa mwembamba kama biskuti.

"Mkeo anadhani una mwanamke," nikasema.

Randa ikasimama. "Mwanamke?" Akaangalia huku na huku, kama mtu aliyeambiwa ana ndege yake ya kurukia angani. "Mimi? Mwanamke? Mama, ningekuwa na—" Akafunga mdomo. Akachukua ubao mwingine.

Na pembeni pale alikuwepo rafiki yake, fundi makochi, wanamwita Sponji, mtu mwenye dawa ya kila kitu isipokuwa ya umaskini wake. Alikuwa ananitazama kama mtu aliyeiba kuku. Baadaye ndipo nilipojua alilofanya. Yeye ndiye aliyemwambia mwanangu, "Vidonge vya sukari ndivyo vinavyokuzimia umeme, kaka. Acha hivyo, tumia hiki," akamletea unga wa mizizi alioununua kwa mtu mwenye kipaza sauti. Shujaa akaukoroga, akaunywa kama mtu anayekunywa kabla ya kwenda vitani. Vita havikuwa. Kilichokuwa ni moyo kumwenda mbio kama cherehani ya mkewe, na kichwa kumgonga, akalala chini karakana ameshika ukuta, huku Sponji akimpepea kwa kipande cha godoro na kusema, "Hiyo ndiyo nguvu inaingia, kaka, vumilia."

Lo! Wangapi wamelala hivyo, wakipepewa na marafiki?

Ikafika Alhamisi. Enyi wasikilizaji, jua lilichomoza kama kawaida, lisijue lilikuwa linachomozea nini. Simba wa Randa akavaa shati la mistari, akavaa soksi nyeusi na viatu vilivyopigwa brashi, akatoka kama mtu anayekwenda kupokea nishani. Mkewe alikuwa kwenye cherehani. Hakuinua kichwa. Begi lilikuwa mlangoni, na shujaa akalivuka kwa kuinua mguu juu sana, kana kwamba ni mto uliofurika.

Tulipofika kwenye mabenchi, kikosi kizima kilikuwepo: dereva mstaafu, mama muuza mboga, kinyozi, mlinzi wa benki. Nesi akachoma kidole. Akasoma namba. Benchi likalipuka!

"Fundi kachukua tena!"

"Mtu huyu apimwe mara mbili, si binadamu!"

Dereva mstaafu akamshika mkono kwa huzuni ya michezo. Shujaa akainua mikono, akainama kushoto, akainama kulia. Kisha tukaitwa ndani, mimi na yeye, maana daktari alikuwa anaona presha yangu pia.

Daktari alikuwa binti mdogo, mwenye sauti ya chini na macho yasiyo na haraka. Alinipima presha, akanipa dawa zangu. Kisha akageukia karatasi ya mwanangu, maana mara ya mwisho walimtoa damu ya mkononi, na majibu yalikuwa yamerudi.

"Fundi, kidole chako leo kinasema mambo ni mazuri sana."

"Tunajitahidi, Daktari."

"Lakini damu ya mkononi haisomi leo tu. Inasoma miezi mitatu nyuma. Nayo inasema mambo ni mabaya sana. Sasa nimwamini nani?"

Feni ikalia kwa niaba yetu.

"Huwa unajinyima kabla ya kuja hapa, siyo?"

Simba wa Randa akajaribu kusimama na heshima yake. "Daktari, hata mimi mteja akija kukagua, huwa napitisha vanishi."

"Na chini ya vanishi kuna nini?"

Akaangalia mikono yake. Mtu anaweza kumdanganya daktari, lakini fundi hawezi kuidanganya mbao. "Mchwa," akasema.

"Haya. Mbali na hilo, kuna tatizo lingine lolote?"

Hapo ndipo, enyi watu, milango ya historia ilipofunguka, na mwanangu akaikuta imefunguka, akasema: "Hakuna."

Hakuna! Neno hilo limezika wanaume wengi kuliko vita. Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Bila shaka hakuhisi.

Daktari hakuandika. Akasubiri. Shujaa akapangusa jasho, akaangalia dari, akaangalia dirisha, akauona mlango.

"Huu mlango wenu umevimba," akasema kwa furaha kubwa. "Haufungi. Ni unyevu. Nikija na randa yangu, ni kazi ya dakika chache tu. Bawaba ya juu nayo—"

"Mama," daktari akaniambia, "tupishe kidogo."

Nikatoka. Nikauvuta mlango ufunge, ukagoma. Mwanangu alisema kweli, ulikuwa umevimba. Ukabaki wazi upana wa kiganja. Nikakaa benchi la karibu. Sikutega sikio. Sikio lilijitega lenyewe. Na si langu tu: benchi zima, lililokuwa likipiga kelele za ubingwa, likanyamaza kama darasa mwalimu mkuu akipita.

"Daktari," nikamsikia, "nina rafiki yangu."

"Ndiyo."

"Ana shida. Ya... ya nyumbani."

"Rafiki yako ana sukari?"

"Anayo."

"Anatumia dawa?"

"Aliacha. Aliambiwa vidonge ndivyo vinavyomaliza nguvu."

"Ana mke?"

"Anaye. Mshonaji."

"Anashona nini?"

"Mashuka."

"Fundi."

"Naam."

"Rafiki yako akija mwenyewe nitamsaidia. Mtu asiyekuwepo siwezi kumtibu."

Oneni sasa jinsi vita vilivyokuwa! Huku jeshi la Aibu, lenye bendera na ngoma, limejipanga kwenye koo la mwanangu. Na kule begi la mkewe liko mlangoni. Na nyuma yake baba yake, amegeukia ukuta. Nilisikia kiti kikilia. Nilisikia akimeza mate, na niwaambie, mate yale yalipita kwa shida kuliko skrubu yenye kutu. Nikamwomba Mungu. Nikasema kimoyomoyo: mwanangu, umebeba magogo, umepasua mbao ngumu zilizovunja misumeno ya wenzako, beba na hili, ni maneno machache tu.

"Daktari, ni mimi," akasema. "Nguvu za kiume zimeniishia."

Dunia haikupasuka. Feni haikuanguka. Daktari akauliza, kwa sauti ile ile anayoulizia kikohozi:

"Tangu lini?"

Tangu lini! Basi? Ni hilo tu? Jeshi lote lile la Aibu, na bendera zake, likaporomoka kwa maneno mawili ya binti mwenye kalamu. Nilimsikia mwanangu akitoa pumzi ndefu kama tairi la lori. Na pale benchini, dereva mstaafu, mshindani wake wa miaka yote, akainamia magoti yake akasema polepole, "Kumbe si mimi peke yangu." Kinyozi akakohoa. Mlinzi wa benki akaanza kuangalia viatu vyake kwa makini sana.

Daktari akamweleza, nami naandika kama nilivyosikia, ili msikie. Akasema sukari ikikaa juu siku nyingi inaharibu mishipa midogo ya damu na ile ya fahamu. Mishipa hiyo ndiyo iko machoni, ndiyo iko kwenye figo, ndiyo iko miguuni, na ndiyo iko huko. Kwa hiyo macho yanayokosea futi, mguu usiosikia msumari na hayo ya chumbani, vyote ni adui mmoja. Akasema wanaume wengi wenye sukari yanawapata, wala si mwisho wa uanaume. Akasema vidonge vya sukari havikumzimia kitu. Kuviacha ndiko kunakomharibu. Akasema zipo dawa za tatizo lile lenyewe, ila lazima kwanza apime moyo na presha, maana dawa inayomfaa huyu inaweza kumuua yule, na unga wa mizizi asiuguse tena.

"Na hofu nayo ni ugonjwa," akasema. "Unapomkimbia mkeo, unauongeza. Mkeo anajua?"

"Anadhani nina mwanamke."

"Basi mwambie leo. Mkitaka, mje wote wawili."

Hapo mama muuza mboga akashindwa kuvumilia. Akainuka, akaingiza kichwa kwenye ule upana wa kiganja. "Samahani, Daktari. Na sisi wanawake, je?"

"Na nyinyi pia, Mama. Ukavu, maumivu, maambukizi ya mara kwa mara, hamu kupotea. Tutaongea zamu yako ikifika. Sasa rudi kwenye benchi, na mwambie nesi atafute kitu cha kuzibia huu mlango."

Mama muuza mboga akarudi kukaa, uso umemng'aa. "Nilijua," akatuambia sote. "Nilijua si uzee!"

"Fundi, vua soksi," nikasikia.

Akakataa. Aliyekwisha kusema lile neno kubwa akakataa soksi! Akasema miguu yake ni ya kazi, si ya kuonyesha watu. Daktari akasubiri tena. Soksi ikavuliwa. Mara daktari akaita nesi, na nesi akaingia mbio na sahani ya pamba, nami nikaingia nyuma yake bila kuitwa.

Chini ya kidole kikubwa, pale msumari ulipopita, palikuwa na kidonda. Juu kimefunga vizuri, kama ubao uliopigwa vanishi. Nesi alipokibonyeza, kikatoa usaha. Mwanangu alikuwa anatazama dirishani. Hakujua hata kama anaguswa. Mimi nilishika ukuta.

"Kingekaa kidogo zaidi," daktari akasema, "leo tungekuwa tunaongea mengine." Wakakiosha, wakakifunga, wakamwandikia dawa na siku za kurudi kukisafisha. "Kila jioni mtu akukague miguu, juu na chini, katikati ya vidole. Si wewe. Wewe huhisi kitu. Mtu anayekupenda."

Tulirudi nyumbani kwa miguu polepole, yeye amevaa kandambili mguu mmoja, kiatu cha pili mkononi. Mkwe wangu alikuwa mlangoni, ameshavaa nguo za safari, siku moja kabla. Begi liko begani.

Simba wa Randa akasimama mbele yake, akavuta pumzi, nikaona ameanza kuandaa hotuba. "Mke wangu, tangu siku ile niliyokuunda—yaani, nilipounda kitanda chetu, kwa mbao zile nilizo—"

"Sema," mkewe akamwambia. "Anaitwa nani?"

"Anaitwa sukari."

"Ni wa mtaa gani?"

"Sukari, mke wangu. Ugonjwa. Ndiyo iliyonimaliza nguvu. Sina mwanamke. Hata ningempata, ningemfanyia nini?" Akageuzageuza kiatu mkononi. "Niliona aibu. Nililala karakana ili usijue."

Mkwe wangu alimtazama. Akatazama bandeji. Begi likashuka begani, likashuka kwenye kiwiko, likafika chini.

"Wiki nzima," akasema, "nazunguka mtaani natafuta mwanamke wa kumpiga. Nimemchunia muuza maziwa. Nimemtukana mke wa kinyozi. Kumbe ni sukari!" Akaanza kucheka, na katikati ya kicheko akaanza kulia, akampiga mumewe kifuani kwa ngumi ndogo ndogo, naye akasimama kama nguzo akazipokea zote. "Mjinga wewe! Mjinga mkubwa! Usiponiambia mimi, utamwambia nani?"

Nami nikasogea uani, maana pale hapakuwa pangu.

Msije mkadhani alipona siku ile. Hakupona. Sukari haifukuzwi kwa hotuba. Vidonge anameza, siku za kliniki na siku zisizo za kliniki. Namba yake ya kidole sasa ni ya kawaida tu, na benchi halimpigii makofi, ingawa benchi lenyewe limeacha mashindano na linaongea mambo ambayo mimi mama wa watu naona haya kuyaandika. Sponji amepigwa marufuku kutoa ushauri wowote usiohusu makochi. Moyo wa mwanangu ulipimwa, na dawa aliyoandikiwa ni siri yao na daktari.

Lakini jioni ile ile niliwasikia. Dirisha lao linatazama uani, na lilikuwa wazi. Mkewe alikuwa ameweka beseni, anamkagua miguu kama alivyoagizwa.

"Unahisi hapa?"

"Sihisi."

"Na hapa?"

"Sihisi."

"Na hapa?"

"Hapo kidogo."

Nikasikia beseni likisogezwa.

"Na hapa je?"

"Hee! Hapo nahisi!" Wakacheka wote wawili, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia nyumba hii kwa muda mrefu, na dirisha likafungwa.

Nikachukua ufagio, nikafagia uwanja ambao nilikuwa nimeshaufagia, kwa kelele nyingi kadiri nilivyoweza.

Basi na wajue wote, wa leo na watakaozaliwa juu ya vitanda vyake: mwanangu hakuangusha ngome, hakuvuka bahari, hakumwua nyoka mwenye vichwa saba. Aliulizwa swali na daktari, akajibu kweli. Baba yake, mtu mwenye nguvu kuliko yeye, hakuweza. Majirani zetu wengi hawajaweza. Yeye aliweza, Alhamisi, kabla ya saa sita mchana. Mguu upo. Mke yupo.